Kichwa chenye pembe mbili: uchambuzi wa kisa cha gitaa la umeme lililogawanya maoni

Usuli

Kisa hiki kinahusu gitaa moja la umeme, fundi aliyelitengeneza na mpiga solo aliyeliagiza. Majina, mahali na chochote kinachoweza kuwatambulisha nimekiondoa. Mambo ya ufundi nimeyaacha yalivyo. Nilishirikishwa tangu mchoro wa kwanza kama mshauri wa fundi, kwa hiyo vipimo niliviona vikichukuliwa na mabishano niliyasikia yakitolewa.

Mteja ni mpigaji mzoefu wa bendi. Gitaa lake la kila siku lilikuwa zuri, ila lilifanana na magitaa mengine yote yanayopanda jukwaani. Alitaka umbo ambalo mtu aliye nyuma kabisa ya ukumbi angelitambua kwa kivuli tu. Bodi aliitaka ndogo na nyepesi, isiyo na pembe ya juu inayoelekea shingoni. Kichwa, ile sehemu ya mwisho wa shingo yenye funguo za kukazia nyuzi, ndicho alichokitilia mkazo: kiwe kama hilali, chenye pembe mbili zisizolingana, moja ndefu na moja fupi, zinazofunguka kwenda nje.

Fundi naye alikuwa na haja yake. Miaka mingi alikuwa akichonga vichwa vinavyofuata ruwaza za kampuni kubwa, na alijua kwamba hapo ndipo penye matatizo ya haki. Mwaka 1977 Norlin, kampuni iliyokuwa ikimiliki Gibson, ilimshtaki Elger, msambazaji wa magitaa ya Ibanez nchini Marekani, kwa sababu ya umbo la kichwa. Ibanez walikuwa wameshaanza kubadilisha vichwa vyao, na mwaka uliofuata shauri likamalizwa nje ya mahakama. Fender kwa upande wao walinyimwa mwaka 2009 usajili wa maumbo ya bodi zao maarufu nchini humo, kwa kuwa yalikuwa yameshaenea kwa watengenezaji wengi mno, lakini maumbo ya vichwa vyao yamebaki kuwa alama zao. Bodi inaweza kufanana na ya mwingine na dunia ikavumilia. Kichwa ni saini. Fundi alitaka saini yake.

Maoni kabla mbao haijakatwa

Mchoro ulipitishwa kwa watu wengi: wanabendi, wanafunzi wa karakana, wapigaji wengine, mwalimu mmoja wa gitaa. Nayaeleza maoni yao kwa kirefu kidogo kwa sababu baadaye yalikuja kuamua mambo, mengine kwa haki na mengine bila haki.

Mpiga besi alisema kichwa kinafanana na uma na gitaa linaonekana zito mbele, kisha akakataa kukizungumzia zaidi. Mpiga kinanda alikipenda papo hapo. Mwalimu wa gitaa alisema kichwa kikubwa hurefusha sauti, hivyo kiongezwe zaidi. Mpigaji mwingine akaonya kwamba nyuzi zenye kipande kirefu kati ya kizingiti na ufunguo huwa ngumu, kwa hiyo pembe ndefu ingemchosha mteja. (Kizingiti ni kile kipande cha mfupa kilicho mwisho wa shingo, chenye mifereji sita ambamo nyuzi hupita.) Wengine wengi walisema tu kwamba “si gitaa la kawaida”, na hilo lilitamkwa kama hukumu kamili.

Hoja hiyo ya ukawaida naipinga kwa moyo wote. Funguo sita upande mmoja, mpangilio ambao leo hakuna anayeushangaa, ulikuwa umeonekana Vienna katika karne ya 19 kwenye magitaa ya Johann Georg Stauffer. Ukaonekana tena mwaka 1948 kwenye gitaa la umeme ambalo Paul Bigsby alimtengenezea Merle Travis, na miaka michache tu baadaye Leo Fender akauingiza kiwandani. Mwaka 1958 Gibson walitoa Explorer, na vichache vya mwanzo vilikuwa na kichwa kilichopasuka katikati kama herufi V. Wakati ule gitaa hilo halikupata wanunuzi wengi. Leo vile vilivyobaki husakwa na wakusanyaji duniani kote. Ned Steinberger alifika mbali zaidi: kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 alitengeneza besi zisizo na kichwa kabisa, nyuzi zikikazwa upande wa daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye bodi. Kila kimojawapo kiliwahi kuitwa kioja.

Katika maoni yote yale hakuna aliyeuliza nyuzi zingepita wapi.

Kilichotokea

Shingo ya kwanza ilichongwa kwenye kipande kimoja cha mahogani, kichwa kikiwa kimelala nyuma kwa digrii 17. Urefu wa nyuzi kati ya kizingiti na daraja ulikuwa milimita 648. Shingo ilifungwa kwenye bodi kwa skrubu nne, uamuzi ambao fundi aliufanya kwa ajili ya urahisi wa ukarabati na ambao uliokoa kazi yote. Funguo ziliwekwa tatu kila pembe, zikifuata ukingo wa nje wa hilali. Zilikuwa funguo nzito za kisasa, zile zenye kibano cha ndani kinachoushika uzi, na sita kwa pamoja zilikuwa na gramu 260 hivi. Pembe ndefu ilitokeza sentimita 11 kupita ufunguo wa mwisho.

Gitaa lilipendeza, na naandika hivyo nikijua kuna watakaokataa. Likiwa limetundikwa ukutani, ule mkunjo wa pembe ulijibu mkunjo wa bodi, na jicho lilisafiri kutoka chini hadi juu bila kukwama.

Mteja alilichukua. Baada ya wiki chache akarudi, na maneno yake ya kwanza yalikuwa, “Fundi, gitaa linaniangukia.” Alilivaa kwa mkanda, akaachia mikono yote miwili, na shingo ikashuka taratibu mpaka kichwa kikaelekea sakafuni. Alikuwa akiibeba shingo kwa mkono wa kushoto wimbo baada ya wimbo, na dole gumba lilikuwa limeanza kumuuma.

Lalamiko la pili lilikuwa tuni. Akiuvuta uzi wa tatu na kuuachia, uzi ulirudi ukiwa chini kidogo ya sauti yake. Tulikaa kimya, tukamwomba aurudie mvuto uleule bila amplifaya. Pale kwenye kizingiti ilisikika sauti ndogo kavu, kama kijiti kinachovunjika. Kila mvuto uliingiza uzi kidogo upande wa kupigia, na ulipoachiwa uzi ulinata kwenye mfereji usirudi wote. Fundi aliingiza unga wa penseli ndani ya mfereji. Nafuu ilipatikana, kisha ikaisha.

La tatu lilikuwa kasha. Gitaa halikuingia kwenye kasha la kawaida, kwa hiyo mteja alikuwa akilibeba kwenye mfuko laini, ncha ya pembe ndefu ikiwa imegusa mshono wa juu. Siku moja lilitelezea ukutani na ncha ikapasuka. Ufa ulifuata mishipa ya mbao, ukakata pembe kimshazari.

Uamuzi na sababu zake

Wanabendi walikuwa na jibu tayari: kata pembe, weka kichwa cha kawaida, kesi imekwisha. Mpiga besi hasa aliona amethibitishwa. Fundi alichora kichwa cha kawaida cha funguo tatu kwa tatu juu ya karatasi nyembamba, akakilaza juu ya gitaa. Kila aliyekitazama, mpiga besi akiwemo, alikubali kwamba gitaa lilikuwa limekufa. Bodi ile ndogo ilihitaji kichwa chenye tabia. Kichwa cha kawaida kilionekana kimeazimwa.

Kabla ya kukata chochote niliomba tujue uzito unatoka wapi. Mwanafunzi mmoja alichonga nakala ya pembe ndefu kutoka mbao ileile na kuiweka kwenye mizani ndogo. Gramu 25. Pembe iliyolaumiwa na kila mtu ilikuwa na uzito wa karibu nusu ya ufunguo mmoja na kitu kidogo juu yake. Mzigo halisi ulikuwa zile gramu 260 za chuma, zikining’inia karibu nusu mita kutoka kwenye kitufe cha mkanda, ambacho kwa sababu bodi haina pembe ya juu kilikuwa nyuma ya kiungo cha shingo. Funguo za mtindo wa zamani, zisizofunikwa nyuma, zilikuwa na gramu 170 kwa seti. Kupunguza gramu 90 mahali pale, kwa gitaa la kilo 3, ni sawa na kusogeza kitovu cha uzito milimita 15 kuelekea bodi. Milimita 15 ni nyingi sana kwa gitaa lililokuwa likianguka polepole.

Suala la tuni lilitaka mchoro mpya. Safari hii fundi hakuanza na hilali. Alianza na nyuzi. Alichora mistari sita kutoka daraja, ambako nyuzi ya kwanza na ya sita zimeachana milimita 52, hadi kizingiti, ambako zimeachana milimita 35, na akaiacha mistari iendelee mbele kwa mwendo uleule. Nyuzi zinazokaribiana huendelea kukaribiana: milimita 120 kupita kizingiti zimebanana milimita 3 zaidi. Kwenye shingo ya kwanza uzi wa tatu ulitakiwa ufanye kinyume chake kabisa. Ulifika kwenye kizingiti ukielekea ndani, ukapinda ghafla digrii 12 kwenda nje kufuata pembe. Pindo hilo la pembeni, likiongezewa lile la kwenda chini la digrii 17, ndilo lililoubana uzi kwenye ukuta wa mfereji.

Kisha likaja jambo ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote katika kazi hii. Nguzo za funguo zilipowekwa ubavuni mwa mistari ya nyuzi, nne upande wa juu na mbili upande wa chini, safu ya zile nne ililala kwa digrii 16 hivi kuelekea katikati, na safu ya zile mbili ikalala kuielekea. Hilali ilijitokeza yenyewe. Pembe moja ndefu kwa sababu inabeba funguo nne, pembe nyingine fupi kwa sababu inabeba mbili. Tofauti na mchoro wa mteja, pembe hazikufunguka kwenda nje bali zilifumba kuelekeana. Mpangilio wa nne kwa mbili si mpya, Music Man wameutumia kwenye magitaa yao tangu miaka ya 1980, lakini hakuna aliyekuwa ameufikiria katika mjadala ule, kwa kuwa kila mtu alikuwa akibishana kuhusu ukingo wa nje.

Mteja alisita. Alikuwa amezipenda pembe zilizofunguka. Fundi hakumshawishi kwa maneno. Alichonga mbao laini kwa kiolezo kipya, akaishika kwenye shingo kwa klempu, na mteja akaitazama kwa mbali, kutoka sehemu tofauti, taa zikiwa zimewashwa na kuzimwa. Akakubali.

Mabadiliko mengine yalikwenda haraka. Pembe ndefu ilifupishwa, si kwa ajili ya uzito bali kwa ajili ya kasha na ule ufa. Mlalo wa kichwa ulipunguzwa kutoka digrii 17 hadi 11, hivyo nguvu ya nyuzi kukandamiza kizingiti ikapungua kwa karibu theluthi. Kichwa kiliungwa na shingo kwa kiungo cha mshazari na gundi, ili mishipa ya mbao ifuate mlalo wa kichwa badala ya kukatizwa nao, na bao jembamba lenye mishipa inayopishana likabandikwa mbele na nyuma ya pembe.

Matokeo

Shingo mpya ilifungwa kwenye bodi ileile. Mteja alivaa mkanda, akaachia mikono, na shingo ikatulia ikiwa chini kidogo tu ya usawa. Haikupanda juu kama ya Stratocaster ya Fender, ambayo pembe yake ya juu hufikisha kitufe cha mkanda karibu na freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), lakini haikuanguka. Uzi wa tatu ulivutwa tena na tena ukarudi kwenye sauti yake, na ile sauti kavu haikusikika. Kasha la kawaida lilifungika bila ncha kugusa chochote.

Mpiga besi bado anasema ni uma. Ni haki yake. Lakini hata yeye aliacha kusema gitaa “linaonekana zito mbele”, maneno aliyokuwa akiyatumia tangu siku ya kwanza, na hilo nitalirudia hapa chini.

Uchambuzi

Maoni ya mwanzo yalikuwa ya aina mbili zilizochanganyika, na kosa la mjadala lilikuwa kutozitenganisha. “Sikipendi” ni jambo la ladha na halihitaji kujibiwa. “Kinaonekana kizito mbele” ni dai linalopimika, hata kama anayelisema anadhani anazungumzia uzuri. Mpiga besi aliona kwa jicho kitu cha kweli, kwamba bodi ndogo isiyo na pembe ya juu imebebeshwa mzigo mwishoni. Sababu aliikosea, dalili aliipata. Fundi anayesikiliza maoni ya watu juu ya kichwa kigeni afanye kazi ya kuuliza kila mmoja: unaona nini hasa, na wapi? Majibu mengi ya “kibaya” hugeuka kuwa jambo la milimita au gramu.

Dai kwamba kipande kirefu cha uzi nyuma ya kizingiti huufanya uzi kuwa mgumu linahitaji kunyooshwa, maana linarudiwa sana. Mkazo unaohitajika kufikia sauti fulani unategemea urefu kati ya kizingiti na daraja, uzito wa uzi na sauti yenyewe. Kilicho nyuma ya kizingiti hakiugusi. Kinachobadilika ni kiasi gani uvute ili kupandisha sauti: uzi wote unaponyooka pamoja, kipande cha ziada hukulazimisha kusukuma mbali kidogo zaidi. Kwenye gitaa lenye kizingiti cha kufunga nyuzi, hata hilo halipo. Ndiyo maana wapigaji wawili wanaweza kulipiga gitaa lilelile lenye kichwa kilichogeuzwa, mmoja akaapa kimebadilisha kila kitu na mwingine asihisi lolote.

Dai la mwalimu kwamba kichwa kikubwa hurefusha sauti lina chembe ya ukweli iliyokuzwa. Uzito wa kichwa hubadilisha mitikisiko ya shingo, na unaweza kuhamisha zile sehemu ambako noti hufa mapema. Ukibana klempu ndogo kwenye kichwa utalisikia hilo mwenyewe kwenye magitaa mengi. Lakini kuhamisha sehemu iliyokufa si kuiondoa; inaweza kutua kwenye noti unayoihitaji zaidi. Kuongeza mbao kwa imani tu ni kununua tatizo la mizani kwa faida usiyoijua.

Kilichofanikiwa zaidi kwa maoni yangu ni kukataa suluhisho la kukata pembe. Lilikuwa rahisi, lingenyamazisha watu, na lingeacha pindo la uzi wa tatu palepale, kwa kuwa kichwa cha tatu kwa tatu kilichochorwa bila kufuata nyuzi hupinda uzi wa tatu na wa nne vilevile. Wanaotengeneza magitaa ya Gibson na wanaoyarekebisha wanalijua hilo tangu zamani. Ukawaida wa umbo hauondoi kasoro yake, unatuzoesha nayo tu. Paul Reed Smith alipata sifa kwa kichwa cha tatu kwa tatu ambacho nyuzi zake zimenyooka, na nyuzi hizo ndizo zilizokipa wembamba wake.

Na kinyume chake kipo. Firebird ya Gibson ya mwaka 1963, iliyochorwa na Ray Dietrich, mtu wa magari, ilificha funguo nyuma ya kichwa kwa kutumia funguo za aina ya banjo ili ukingo ubaki safi. Ni moja ya vichwa vizuri zaidi nilivyowahi kuvishika. Funguo hizo ni nzito, na gitaa hilo linajulikana kwa kichwa kinachoshuka. Pale umbo lilitangulia na mwili wa mpigaji ukalipa. Siwezi kusema haikustahili. Nasema mteja aambiwe mapema.

Kilichoshindwa katika kisa chetu ni mpangilio wa maswali. Picha ilipigiwa kura kabla ya mchoro wa nyuzi kuwepo, na kura ya picha haiwezi kukuambia chochote kuhusu mkono wa kushoto baada ya saa mbili za muziki. Kosa la mbao nalo ni la mpangilio uleule: pembe ilichorwa kwanza, kisha mishipa ya mahogani ikatarajiwa kuifuata. Kama kipande cha mbao kingewekwa mezani siku ya kuchora, ule mshazari wa ufa ungeonekana kwa penseli.

Imebaki kasoro moja. Ufunguo wa uzi wa pili umekaa karibu mno na ncha ya pembe fupi, na mteja akiuzungusha kidole chake cha shahada hugusa mbao. Kiolezo cha gitaa linalofuata kimeshachorwa upya, ncha hiyo ikiwa imerudishwa nyuma milimita 5, na tundu la ufunguo limebaki palepale ili mstari wa uzi usiguswe.